Upande wa Pili

Malcolm, jirani yangu hapa Sheffield, si mtu wa kuzua. Alikwenda nyumba ya marehemu mama yao kuchukua santuri ya roki ya kaka yake Keith, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki. Akaona aisikilize kwanza, akaiweka kwenye gramafoni pale sebuleni.

Utotoni, kila upande wa kwanza ulipoisha, Keith aliyejilaza chumba cha juu alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino, mara mbili, akimfokea Malcolm aliye chini: "Geuza, mvivu wee!"

Sasa upande wa kwanza ukaisha, gitaa likanyamaza. Giza la Desemba, ambalo huku huingia alasiri, lilishatanda, sindano inakwaruza tu.

Juu, kisigino kikagonga mara mbili.

Malcolm akainua macho. Mafundi wanaokarabati nyumba walishang'oa dari na sakafu yote ya juu; kwa mwanga wa taa aliona mpaka vigae vya paa.

Kisigino kikagonga tena, kwa hasira.