Mkorogaji wa Langoni

Ting, ting, ting. Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga chupa jikoni. Mume wangu alikuwa akikoroga chumvi kwenye maji yake.

Miaka ishirini alifanya kazi mbele ya tanuri la kuyeyushia chuma. Huko jasho liliwatiririka mpaka mashati yakakauka na madoa meupe ya chumvi. Yeye ndiye aliyewakorogea wenzake maji ya chumvi, wasije wakaanguka. Wakamwita Mkorogaji.

Kisha goti likaharibika, akahamishiwa langoni mwa kiwanda. Sasa alikaa kivulini akiandika namba za magari. Jasho liliisha. Kijiko hakikunyamaza.

"Baba watoto, viatu havifungiki. Miguu imevimba."

"Viatu vimezeeka kama wewe," alinitania.

"Na kichwa kinachokuuma kila siku?"

Akacheka, akanywa.

Nikamwita jirani yetu, muuguzi wa zahanati. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, hata hajala. Alimwacha mume wangu atulie dakika tano, akampima mara mbili.

"Shemeji, presha yako ni mia na tisini kwa mia na kumi. Kesho twende ukapimwe damu na mkojo."

"Mashine yako inanionea tu, dada."

Majibu hayakumwonea. Figo zake zilikuwa zimebaki na nusu ya nguvu.

"Chumvi ileile iliyonilinda kwenye tanuri?" aliuliza kwa uchungu.

Muuguzi hakumkaripia. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Kule jasho liliondoa chumvi mwilini. Ikipungua, figo hutoa taarifa, na homoni huja kuziamuru: shikeni chumvi, msiiachie. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki."

"Na nikiila nyingi?"

"Homoni hiyo hupungua. Moyo nao hutoa homoni nyingine inayosema: achieni. Chumvi inatoka kwa mkojo. Presha ikipanda, nayo husaidia kuisukuma itoke."

"Basi si inatoka?"

"Figo zako zimechoka, shemeji. Haziwezi kuitoa yote mpaka presha ipande sana. Presha hiyo inazidi kuziumiza, na zikiumia zinashindwa zaidi. Tena figo zilizoumia huweza kukosea, zikaendelea kuita homoni ya kushika chumvi. Vidonge hivi alivyokuandikia daktari vinaizuia. Lakini ukiendelea kukoroga, unavipiga vita."

Mume wangu aliinuka, akamwaga chupa yake mwenyewe. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Nyundo," alisema.

Nyundo alikuwa mwenzake wa tanuri, amestaafu mwaka uliopita. Siku ya kumuaga kazini, mume wangu alimwambia: usiache maji ya chumvi, ndiyo nguvu yetu.

"Nenda ukamwambie," nilisema.

"Jumapili."

Jumapili zikapita. Aliona haya. Nami, Mungu anisamehe, sikumsukuma.

Alikunywa vidonge kila siku. Nilipunguza chumvi chunguni. Alinuna wiki mbili, kisha akazoea. Baada ya miezi mitatu presha ilishuka, mia na thelathini kwa themanini. Viatu vikafungika. Nusu ya nguvu za figo iliyopotea haikurudi.

Siku alipopewa majibu hayo ndipo alipopata moyo wa kwenda kwa Nyundo. Nilimsindikiza.

Binti yake alitufungulia mlango. "Alipata kiharusi wiki iliyopita," alisema. "Daktari anasema ni presha."

Nyundo alilala, mkono mmoja umekufa ganzi, mdomo umepinda. Dirishani palikuwa na chupa na kijiko.

Mume wangu alikaa kitandani, akamfuta mate kidevuni kwa leso yake.

"Nilijua tangu miezi mitatu iliyopita," alisema. "Nilikuwa nije kukuambia uache chumvi. Sikuja."

Nyundo alimtazama. Kisha akamwonyesha kwa jicho chupa ya dirishani. Mume wangu aliichukua, akaimwaga nje, akarudi na maji matupu. Akamnywesha kijiko kwa kijiko, taratibu, kama binti alivyomwelekeza.

Tulipoinuka kuondoka, mkono wa Nyundo uliobaki mzima ulimshika mume wangu shati.

"Kesho," alisema kwa shida. "Uje... tena."