Maji Safi ya Dafroza

Kila asubuhi Dafroza alisuuza vioo vyake vya kupimia damu, akavianika dirishani kama dagaa. Yeye ndiye alikuwa mpimaji wa zahanati yao ndogo, huko Suguti. Miaka ile vitu viliadimika. Sabuni ilipotea mpaka panya wakasahau ladha yake. Vidonge vya malaria vilikuwa haba, hivyo tabibu akatoa amri: asiyeonekana na wadudu kwenye damu asipewe dawa.

Watoto wakaja wanachemka. Dafroza akachungulia hadubini, asione mdudu. Wakarudishwa nyumbani. Mmoja wao, Mseti, mtoto wa mvuvi Masatu na mkewe Dorotea, hakuamka tena. Matanga hayajaisha, mdogo wake Wankyo naye akaanza kutetemeka.

Dorotea alimleta mgongoni, kwenye kitenge. Kioo kikasema yaleyale: hakuna wadudu.

"Dada Dafroza, macho yako mazima?" Dorotea aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Hilo lilimuumiza Dafroza zaidi.

Zahanati ilikuwa na simu ya upepo, mashine ya kuzungumza na zahanati nyingine za mkoa. Dafroza akaishika palepale, katika saa ya salamu, kila mtu akiwa hewani, akauliza mbona rangi yake ya kupakia damu haionyeshi wadudu siku hizi. Majibu yakamwagika. Dereva mmoja alimwambia aichemshe. Mtunza stoo akasema imeoza, aimwage. Mwingine akawapongeza watu wa Suguti kwa kumaliza malaria, na kicheko chake kikasikika hadi Butiama.

Chupa ya rangi ilikuwa ya mwisho. Dafroza akatoka nayo nje kuimwaga.

"Subiri kwanza, dada," alisema Alawi, fundi redio wa Bunda, aliyekuwa juu ya paa akifunga waya. Akashuka. "Pale umeulizia sokoni. Saa ya salamu kila mwenye mdomo anajibu. Watu wa maabara wanakutanaga mchana, chaneli ya tatu. Mimi damu siijui, ila nawasikiaga nikijaribu mashine. Na ukifika kwao usiseme 'haionyeshi' ukanyamaza. Sema umefanya nini, kwa kitu gani, umeona nini."

Mchana Dafroza akasema yote. Akajibiwa na Clementi, mpimaji wa Kamunyonge, Musoma mjini.

"Rangi unachanganya na maji gani?"

"Maji safi."

"Safi ya wapi, mama?"

"Ya mvua. Pampu imekufa, nakingaga kwenye bati. Hayana hata unyasi."

"Ndiyo hayo. Sote tunajua maji safi ni ya mvua. Lakini yana uchachu kidogo. Ulimi hauusikii, rangi inausikia. Damu inakuwa nyekundu mno, mdudu anafifia usimwone."

Akamweleza kwamba iko chumvi ya maabara ya kusawazisha maji. Angempa hiyo, pamoja na kioo chenye damu ya mgonjwa anayejulikana ana malaria. Akipake rangi hicho kwanza. Asipoona mdudu hapo, kosa ni la rangi, si la mgonjwa.

Alawi akaenda Musoma kuvichukua. Petroli ilikuwa haba, na watu wanaapa kwamba pikipiki yake ilimalizia safari kwa kunywa gongo.

Jioni Dafroza akatia chumvi kwenye maji, akachanganya rangi upya, na kioo cha Clementi kikaonyesha pete ndogo za buluu, kila moja na nukta nyekundu: wadudu wenyewe. Cha Wankyo, alichokipaka upya, kilijaa pete hizohizo. Akapewa dawa. Siku ya pili homa ikashuka, mtoto akaomba uji.

Dorotea alimtazama akinywa. "Kwa hiyo Mseti naye alikuwa na wadudu hao?"

"Nafikiri alikuwa nao, Dorotea."

Dorotea akamfuta mtoto uji kidevuni. "Basi waambie na wenzako wanaokinga ya mvua."

Kesho yake mchana Dafroza akaeleza habari nzima kwenye chaneli ya tatu: maji, rangi, na mtoto aliyezikwa. Hakuna aliyecheka. Kisha sauti ya mbali ikasema, "Hata sisi ni ya mvua." Nyingine ikafuata. Halafu nyingine.

Clementi akawaomba wataje zahanati zao taratibu, mmoja mmoja, ili ajue pa kupeleka chumvi.