Msikilizaji wa Saa Kumi

Siku ya pili Eufrazia alikuta jani ndani ya kitabu chake. Lilikuwa jani bichi la mti wa mtundu, limelazwa kwenye ukurasa wa tisini na sita, ilhali jana yake yeye alikuwa ameishia ukurasa wa arobaini. Alilinusa. Lilinukia ardhi iliyotoka kunyeshewa, na mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha mwezi uliopita. Akadhani ni Kezia, mke wa mlinzi wa nyumba ya wageni, aliyefagia chumba asubuhi na kupekuapekua. Akalitupa nje ya dirisha, akarudi ukurasa wa arobaini na moja.

Hakuwa na nguvu ya kuwaza zaidi ya hapo. Kwa kweli uchovu huo ndio uliomleta huku.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwenye sekondari moja upande wa Murusagamba, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, asiye na mume wala mtoto. Kwa miaka minne alikuwa amemuuguza mama yake, Bernadetha, ambaye macho yalimpofuka yote mawili. Kila siku saa kumi alasiri, akitoka shule, Eufrazia alikaa kitandani kwa mama na kumsomea kitabu kwa sauti. Bernadetha hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, na hakujua kuandika jina lake, lakini hadithi alizipenda mno. Kila palipompendeza aliitikia "ego", ndiyo ya Kihangaza, kwa sauti ya chini iliyotokea kooni. Machi akafariki. Baada ya siku nne Eufrazia alirudi kazini, na mwezi Mei alisinzia akiwa amesimama ubaoni, chaki mkononi, wanafunzi wakimtazama. Mkuu wa shule alimwita ofisini akamwambia kwamba likizo ya Juni hataki kumwona na daftari lolote la kusahihisha. Binamu yake Juvenali, ofisa misitu, akamtafutia nyumba ya wageni katikati ya miombo, wilaya ya Biharamulo, kwa wiki mbili.

Kabla ya kuondoka alipita maktaba ya shule kuchukua vitabu. Mwalimu Danstan, aliyekuwa na funguo, alimshauri asichukue vya aina moja. Achukue cha kumchekesha, cha kumtisha, cha kumfundisha kitu, na kimoja kigumu cha kumlaza usingizi. Eufrazia alisimama mbele ya rafu na kugundua kwamba hajui anapenda nini. Miaka minne alichagua alichopenda mama: maisha ya watakatifu, na hadithi za wanawake waliovumilia. Mkono ulikwenda huko wenyewe, akaurudisha. Ilimchukua karibu saa nzima, na alipomaliza alikuwa na vitano: hadithi ya upelelezi, riwaya nene ya mapenzi, kitabu cha ufugaji wa nyuki, historia ya misafara ya zamani, na diwani ndogo ya mashairi. Danstan alimwuliza kama havitamtosha kwa mwezi. Eufrazia alijibu kwamba hata kimoja hana hakika kama atakimaliza.

Alipanda Hiace mpaka Lusahunga, na hapo Kazimili, mlinzi wa nyumba ile, akampokea na pikipiki. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na baraza, bati jekundu, na kuizunguka ilikuwa miti tu. Kazimili na Kezia waliishi nyumba yao wenyewe, hatua kama mia mbili kutoka pale. Mchana mbung'o waliuma kupitia nguo. Eufrazia aliweka vitabu dirishani, akalala saa kumi na nne mfululizo, na aliamka amechoka vilevile.

Siku ya tatu, alasiri, alikuwa barazani na ile hadithi ya upelelezi, akisoma kimyakimya. Alipofunua ukurasa alisikia ukurasa mwingine ukifunuliwa ndani, chumbani. Alisikiliza. Kuni zilikuwa zinapasuka jikoni kwa Kezia, mbali. Akasoma tena, na safari hii, kabla hajafika mstari wa mwisho, karatasi ikafunuliwa kule ndani, polepole, kama mtu aliyemaliza kwanza na sasa anamngoja mwenzake. Aliinuka akaenda kuangalia. Chumba kilikuwa kitupu, vitabu vinne viko dirishani vimefungwa, na harufu ya mvua imejaa mle ndani, nzito, kama mlango ulikuwa wazi siku nzima na manyunyu yakaingia. Alisimama pale, mkono kwenye kizingiti, akajiambia kwamba mtu akichoka sana husikia mengi, na kwamba atakula kidogo, na kwamba kesho itakuwa nafuu.

Kesho yake, saa kumi ilipofika, midomo ikafunguka yenyewe. Alikuwa ameanza riwaya ya mapenzi, na bila kukusudia alijikuta anaisoma kwa sauti, kwa mazoea ya miaka minne, taratibu, akitua kwenye nukta. Alisoma kurasa mbili. Kwenye sehemu ambapo msichana anakataa barua, nyuma ya kiti chake mtu akaitikia kwa sauti ya chini iliyotokea kooni.

"Ego."

Eufrazia hakugeuka. Alijua anapaswa kukimbia. Alijua pia kwamba mama yake amezikwa, kwamba yeye mwenyewe alitupa udongo wa kwanza. Lakini ile sauti ilimwingia kama maji ya moto mgongoni kwa mtu aliyebeba mzigo kutwa, miguu ikakataa kuinuka, na badala ya kukimbia alilowesha kidole na kufunua ukurasa. Akaendelea kusoma, na machozi yalikuwa yanadondokea kitabuni, na nyuma yake mtu alikuwa anapumua.

Tangu siku hiyo hakusoma tena kimoyomoyo. Kila alasiri alikaa, akasoma, akaitikiwa. Alijizoeza kutogeuka. Sauti haikusema kitu zaidi ya lile neno moja, mpaka siku ya saba, alipotaka kutua anywe maji, ikamwambia, "Soma, Eufra," na hakuna mwingine duniani zaidi ya mama aliyemwita hivyo. Akaacha maji. Vitabu vilikuwa vinakwisha upesi, hata cha nyuki, alichokisoma kuanzia dibaji hadi orodha ya vifaa, vipimo vya mizinga na vyote. Sauti ya Eufrazia ilikwama, ikawa mkwaruzo. Sahani za Kezia zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Asubuhi Eufrazia alikaa kwenye kiti kusubiri saa kumi, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyoanza kukaa mapema zaidi, hadi ikawa hatoki kitini isipokuwa kulala.

Siku ya tisa Kezia alipeleka ndizi na maharage, akasikia maongezi. Alijua hakuna mgeni aliyekuja, kwani pikipiki angeisikia. Badala ya kubisha alizunguka hadi dirisha la pembeni. Alichokiona hakumwambia Eufrazia siku hiyo, wala hakuweza kumwambia mumewe mpaka alipokunywa uji. Asubuhi yake akaenda barazani, akapiga magoti kando ya kile kiti, akasema kwa kunong'ona, huku anatazama mlango.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba usinikasirikie. Jana nilimwona bibi anayekaa na wewe."

Eufrazia alimwuliza kwa mkwaruzo wake amefananaje.

"Sura sikuiona vizuri, amejitanda kanga. Niliona mdomo. Ulikuwa unakwenda wakati wote unaposoma, ila hausemi nyuma yako, mwalimu. Unatangulia. Yeye anasema neno kwanza bila sauti, halafu wewe ndiyo unalitoa. Ni kama yeye ndiye anasoma, na wewe unafuatisha."

Eufrazia alimweleza kwamba mama yake hakujua kusoma. Aliyasema hayo kwa utulivu, kama anayesoma jina kwenye daftari la mahudhurio, na Kezia akatumaini kwamba sasa ataondoka. Lakini alasiri ile, huku anajua, huku mwili wote unamsisimka tangu kisogoni hadi kwenye nyayo, huku ile harufu ya mvua ikija kutoka msituni na kupanda ngazi za baraza moja baada ya moja kama mtu mzee anayejivuta, Eufrazia alifungua historia ya misafara pale alipoishia na akasoma mpaka giza likamnyang'anya maandishi.

Kezia hakungoja tena. Alimtuma mumewe hadi kijiji cha Nemba kumleta shangazi yake Kezia, Akimana, mwanamke wa asili ya Burundi aliyejulikana kwa kutoa majini. Walifika siku ya kumi na moja, saa nane mchana. Akimana alishuka kwenye pikipiki kwa shida, goti moja limevimba, kitambaa cheusi kichwani, na jambo la kwanza aliloomba ni kiti na maji ya kunywa. Alionekana kuchoka karibu sawa na mgonjwa wake. Alimtazama Eufrazia, akavitazama vitabu, akauliza vimebaki vingapi. Kilikuwa kimebaki kimoja, diwani ya mashairi.

Akimana alisema anamfahamu huyo. Hana jina. Mwaka ule watu walipovuka mpaka kwa maelfu kukimbia vita Burundi, na yeye akiwa mmoja wao na mtoto mgongoni, alimwona akifanya kazi. Watu walipita msituni wakiwa wametembea siku nyingi. Wengine waliketi chini kupumzika, na kabla hawajainuka alikuja kuketi nao akiwa na sauti ya mtu waliyempoteza, mume, mtoto, mama. Hakuwapiga, hakuwanyonga. Alikaa nao tu, akiwatuliza, na wao hawakutaka tena kusimama. Dada yake Akimana alibaki hivyo chini ya mti, anatabasamu.

"Hicho kitabu kikiisha hutatafuta kingine," alimwambia Eufrazia. "Utakaa. Mimi nitachoma dawa zangu, zitamkera. Kumtoa ni kazi yako. Kuna neno hujamwambia mtu, ndilo anakushikia. Ni lipi?"

Eufrazia alisema hajui. Akimana alitoa majani kwenye mfuko, akayaweka juu ya makaa ndani ya kigae, moshi mkali ukajaa barazani. Alimwamuru Kezia na Kazimili wasubiri chini ya ngazi. Jua lilikuwa bado kali. Saa kumi ilipofika, ndege waliokuwa wanalia kwenye miti iliyo karibu walinyamaza, halafu wa miti ya mbali, halafu msitu mzima, na kupitia moshi ile harufu ya mvua ikaja, ikausukuma moshi pembeni kama pazia, na ubao wa sakafu nyuma ya kiti cha Eufrazia ukalia, mara moja, kwa uzito wa mtu anayekaa.

"Soma, Eufra."

Mkono wa Eufrazia ulikuwa tayari juu ya diwani. Akimana alimshika kifundo, akamwambia kwa sauti ndogo aseme lile neno sasa. Na hapo Eufrazia akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia padri, wala Juvenali, wala yeyote. Alisema kwamba siku ya mwisho alirudi nyumbani saa kumi akiwa amebeba mitihani ya madarasa matatu. Mama akamwita kutoka chumbani, akamwuliza kama leo hasomi. Yeye akajibu kesho, mama, nimechoka. Akasikia mama anaguna. Alisahihisha mpaka jioni, akaenda na uji, akamkuta amekwisha kupoa, uso umeelekea mlangoni.

Kisha nyuma ya kiti ile sauti ikashuka, ikawa laini, ikasogea hadi karibu na sikio, na Eufrazia akasikia pumzi yake shingoni, baridi na yenye unyevu.

"Nimekusamehe, mwanangu. Nilikusamehe siku ileile. Soma sasa, upumzike."

Chini ya ngazi Kezia alifunika uso kwa kanga. Hakuna kitu ambacho Eufrazia alikuwa amekitamani zaidi tangu Machi, usiku na mchana, kuliko maneno hayo na sauti hiyo. Angeweza kuyapokea. Ilikuwa inatosha kufungua kitabu. Akimana alikuwa amekwisha kumwachia mkono, akimtazama tu kwa macho mekundu ya moshi.

"Wewe si wa kunisamehe," Eufrazia alisema.

Kisha akageuka. Kwa mara ya kwanza aligeuka. Alichokiona hakukisimulia kwa mtu hata leo, ila Kezia, aliyekuwa amefunua jicho moja, anasema aliona kanga imesimama wima yenyewe, na pale palipopaswa kuwa na uso palikuwa na mdomo peke yake, ukiendelea kwenda, ukitamka mashairi ambayo hayajafunguliwa. Eufrazia aliikaza mikono kwenye mikono ya kiti. Alijiinua nusu, akaanguka. Akajiinua tena. Aliposimama kwa miguu yake miwili, mdomo ule ukakoma katikati ya neno, kanga ikashuka sakafuni, na ndani ya muda wa kuvuta pumzi moja vumbi na joto la Juni vikarudi barazani. Kezia alipoiokota, haikuwa kanga tena. Yalikuwa majani makavu, yakavunjika vidoleni.

Akimana aliomba maji mengine. Alimwambia Eufrazia aondoke kabla jua halijazama, na asikae njiani. Kazimili akampakia mpaka Lusahunga, akasimama naye pale kati ya malori hadi gari la Ngara likapatikana, na lilipojaa, Eufrazia alisimama ameshika bomba tangu Lusahunga hadi alipofika.

Asubuhi yake, alipofika kwake, hakuingia ndani ya nyumba kwanza. Alipita nyuma, kwenye migomba, palipo na kaburi la Bernadetha, msalaba wa mbao ukiwa bado unanukia rangi. Alisema yote mwenyewe, kwa ile sauti iliyobaki: kwamba alichoka, kwamba alisema kesho, kwamba anaomba msamaha. Kisha akasubiri. Alisubiri huku nywele zimemsimama, akiogopa kuliko alivyoogopa kule msituni, kwa kuwa jirani alikuwa analima ng'ambo ya ua na jembe lilikuwa linatua kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ya kutosha neno moja fupi.

Jembe lilitua. Likatua tena. Migomba ilitikisika, ikatulia. Eufrazia alisubiri mpaka jirani akamaliza tuta lake na kwenda nyumbani, na hakuna aliyejibu. Hapo ndipo alipolia kwa nguvu, akiwa amesimama.