Kona Kavu ya Moyo wa Malimi

Kila asubuhi Malimi alisikia ngoma ya kundi lake la kulima. Mwaka ule makampuni ya kununua pamba yalikuwa yamejaa Bariadi, na kila familia ilitaka kulima zaidi. Malimi ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kundi. Sasa ulikuwa mwezi wa pili anakaa mlangoni kwenye kigoda, tangu alipopata shambulio la moyo.

"Huyu Mashimba aliyeshika nafasi yangu anaimba kama mbuzi," alisema.

"Waache mbuzi wa watu. Kunywa uji," alijibu mkewe, Lukresia.

"Kifua hakiumi tena. Mwanza walinipa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Nimepona, mama Kwandu. Kesho nachukua jembe."

Lukresia alijua jinsi mumewe anavyohema akienda zizini tu. Alimwita jirani yao Monika, muuguzi wa hospitali.

"Mwangaluka, baba," Monika alisalimia.

"Mwangaluka. Umeitwa unifunge kamba?"

"Nimekuja kukuuliza habari za mpunga. Ukizibua mfereji mkubwa, jaruba lote linapata maji?"

"Hapana. Vifereji vikijaa matope, kona ya mbali inakauka."

"Moyo nao uko hivyo. Dawa ilizibua mshipa mkubwa. Lakini ndani ya nyama ya moyo kuna mishipa midogo, myembamba kuliko unywele. Huenda bado imeziba. Maumivu yanaisha, na kona moja bado ina kiu."

"Utaijuaje bila kunipasua?"

"Hupasuliwi. Kuna kipimo Mwanza."

Walikwenda. Daktari alimdunga Malimi mkononi dawa yenye vipovu vidogo sana. Kisha akapitisha kifaa juu ya kifua chake. Kwenye kioo cha mashine, moyo uling'aa kila mahali damu yenye vipovu ilipofika. Kona moja ya chini ilibaki nyeusi.

"Ile pale," Malimi alisema taratibu. "Haijapata maji."

"Ndiyo," daktari alisema. "Kunywa dawa kila siku, hata kama huumwi. Acha tumbaku. Tembea kidogo kila siku, ukiongeza polepole. Kifua kikibana, wahi hospitali. Jembe lisubiri."

Njiani kurudi, Malimi alitazama mashamba dirishani.

Miezi ilipita. Kila jioni alitembea na Lukresia, leo mpaka kisimani, baadaye mpaka barabarani. Walipopima tena, kona nyeusi ilikuwa imepungua. Haikuisha.

"Yote huenda isirudi," daktari alisema. "Lakini sasa unaweza kulima kidogo."

Msimu ulipoanza, Malimi alifika shambani mikono mitupu. Mashimba alimwona, akaacha kuimba. Kundi zima likasimama, majembe begani, likimsubiri. Malimi akavuta pumzi, akaanzisha wimbo wake.

Wimbo ulipoisha, Lukresia alimpa jembe.

"Tuta moja tu, baba Kwandu."

"Nusu," alisema Malimi. "Nusu nyingine nitalima kesho."