Anayenyonya Upande wa Pili

Haya yalitokea Ngumbo, kijiji cha kando ya ziwa, nyumbani kwa kaka yangu Cuthbert, nami nilikuwepo.

Asubuhi hiyo nilikuwa uani na wifi yangu Lidia, tunaanika usipa, dagaa wa ziwani. Jana yake nesi wa zahanati alikuwa amerudia maneno yale yale: Jastin, mwanawe mchanga, hana ugonjwa, ila haongezeki uzito. Mtoto alinyonya mchana kutwa, lakini miguu ilikuwa kama vijiti.

Kabla ya Jastin alikuwepo Glorious, binti wa marehemu mke wa kwanza wa kaka. Kaka akiwa ziwani, Lidia alimpa yule yatima ukoko wa sufuria, siku nyingine hata huo alimnyima. Mtoto alikonda mpaka tukamzika. Lidia akasema ni minyoo.

Jastin akalia. Lidia akaketi mkekani, akampa titi la kushoto. Mara Lidia mwenyewe akatulia, macho yamemtoka.

"Wifi," akanong'ona. "Njoo usikilize."

Nikainama. Jastin alikuwa anameza taratibu.

"Siyo huyo. Huku."

Titi la kulia lilikuwa limefunikwa kitenge. Nikasikia. Kitu kilikuwa kinameza kwa pupa, kwa njaa ya siku nyingi. Kitenge kilipanda. Kikashuka.

"Tangu lini?"

"Tangu nijifungue. Huyu wangu anabakiziwa tu. Nimemwomba Glorious msamaha, wifi. Hasikii."

Sikumwonea huruma. Nilimwonea mtoto. Nikambeba Jastin, nikapanda naye gari hadi kwa mama mdogo, kijiji cha Maguu. Nikamwacha kule, akanyweshwa maziwa ya kopo, na mashavu yakaanza kujaa.

Lidia alibaki. Maziwa hayakumkauka. Kila siku aliketi mkekani, mkono umekunjwa kama aliyepakata mtu. Alikula sana. Alikonda. Mbavu zikahesabika. Siku moja kaka alitoka ziwani, akamkuta ameegemea ukuta. Amekufa.

Tulimwosha mimi na jirani yetu, mama Walburga. Tulipofungua kitenge, mama Walburga alirudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

Titi la kulia lilikuwa na alama za meno madogo, juu na chini. Jastin alikuwa hajaota hata jino moja.

Mwili ulikuwa umepoa kitambo. Nilipofuta zile alama, maziwa yaliyotoka yalikuwa bado ya moto.