Vifuniko vya Chupa za Maziwa

Kila siku alasiri, Keren, msichana wa miaka kumi na miwili, alipitia chekechea kumchukua mdogo wake Magloire. Walitembea pamoja hadi nyumbani kwao Thornton Heath, mtaa wa Kiingereza, katika fleti iliyokuwa juu ya duka la vitambaa. Mama yao, Léocadie, aliwapokea mlangoni akiwa tayari amevaa sare, kwa maana zamu yake ya kusafisha ofisi ilianza saa kumi na moja jioni. Bi Sushila, mwenye duka, ndiye aliyepanda kuwatazama mpaka mama arudi.

Muhula huo wa mwaka 2003, kulikuwa na jambo lililomnyima mama raha. Magloire, aliyekuwa na miaka minne, hakuzungumza kabisa chekechea. Mwalimu wake, Bi Priscilla, alisema angempima baada ya wiki tatu, na kwamba mtoto angeruhusiwa kujibu kwa Kiswahili. Kama asingeweza kutambua rangi na maumbo, angependekezwa kwenda shule nyingine ya watoto wanaojifunza polepole, safari ya mabasi mawili kutoka kwao. Mama aliogopa kwamba huko, mbali na nyumbani, mtoto angenyamaza zaidi.

Basi mama akakusanya vifuniko vya chupa za maziwa katika jiko la ofisi alizosafisha: vyekundu, vya buluu na vya kijani. Akavisuuza, akakata na maboksi kuwa duara, miraba na pembetatu, akavitia vyote katika kopo la biskuti. Akamwomba Keren acheze na mdogo wake saa nzima kila siku, bila kumkaripia.

Siku ya kwanza Magloire alivivika vidole vyake vya miguu vifuniko, akavirusha chini ya kochi, akacheka. Keren aliona wanapoteza wakati. Kanisani kwao watoto walifundishwa mistari ya Biblia kwa kuiimba mpaka ikae kichwani, naye akaamua kufanya vivyo hivyo. Alipanga vifuniko vitatu na vipande vitatu vya boksi dirishani, akamwimbisha mdogo wake: nyekundu, buluu, kijani, duara, mraba, pembetatu. Baada ya dakika kumi akawasha televisheni. Ndivyo ilivyokuwa kila siku.

Mwisho wa wiki ya pili, Magloire aliimba orodha yote mbele ya mama huku akigusa kimoja kimoja. Mama alimbeba, akampigia simu Shangazi Stéphanie kumweleza. Kisha akamwuliza Keren kama walikuwa wakicheza saa nzima. Keren akaitikia kwamba ndiyo.

Siku moja kabla ya kupimwa, upepo uliangusha vifuniko kutoka dirishani. Keren akavirudisha bila kufuata mpangilio. Magloire akagusa cha kwanza, kilichokuwa cha kijani, akaimba kwamba ni nyekundu. Keren alimsimamisha, akamwomba alete kifuniko chekundu. Mtoto akamtazama, kisha akaanza kuimba upya tangu mwanzo.

Keren akaelewa. Mdogo wake alijua wimbo tu. Rangi hakujua hata moja. Alijaribu kumfundisha upya, lakini kwa haraka na kwa ukali, hata Magloire akajificha nyuma ya kochi. Mama aliporudi akiwa na furaha, Keren alishindwa kusema. Alijifariji kwa wazo moja. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa mama hospitalini na katika ofisi zote, na kesho pia angekuwa yeye. Mwalimu hakujua Kiswahili. Chochote ambacho Magloire angesema, yeye angekigeuza kuwa sahihi.

Asubuhi walikaa kwenye viti vidogo vya darasani. Mwalimu alimwaga vipande vya mbao mkekani, akainua cha buluu. Magloire aliutafuta mpangilio wake, asiuone.

"Nyekundu," alinong'ona.

Mwalimu akamgeukia Keren. Mama naye alimtazama. Alikuwa amelisikia neno na kuiona rangi, na mikono yake iliushika mkoba kwa nguvu. Hapo Keren alitambua kwamba neno moja la Kiingereza lingetosha kumvusha mdogo wake, na kwamba mama angelazimika kuubeba uongo huo pamoja naye.

"Amesema nyekundu," alimwambia mwalimu. "Amekosea, lakini kosa ni langu. Sikucheza naye nilivyoagizwa." Kisha akarudia kwa Kiswahili. "Mama, sikucheza naye. Nilimkaririsha tu, halafu tukatazama televisheni. Nilikudanganya."

Mama alifumba macho. Mwalimu akauliza mchezo wenyewe ulipaswa kuwaje, na Keren akamweleza habari za kopo na vifuniko. Mwalimu akamwomba acheze pale pale, kama mama alivyoagiza.

Keren akavua viatu, akaketi mkekani. Akasukuma kipande kirefu chekundu, akamwambia Magloire kwamba hilo ni basi, nalo linapakia abiria wa rangi yake tu. Magloire alilitazama basi hilo. Kisha akachukua duara jekundu, akalipandisha juu ya basi. Akashika kipande cha buluu, akasita, akakiweka kando.

"Huyu hapandi, dada," alisema. "Asubiri basi lake."

Akaokota pembetatu nyekundu, akaigeuzageuza. "Na hii sambusa ni ya dereva."

Keren alipotafsiri, neno kwa neno, mwalimu alitabasamu. Alisema mtoto anaona rangi na maumbo barabara; kilichokosekana ni majina tu. Hangeamua lolote siku hiyo. Angempima tena baada ya wiki sita.

Walipotoka, mama hakufoka. Walipofika kituo cha basi akasema, "Kosa la kwanza lilikuwa dogo, Keren. Ungeniambia mapema, tungekuwa na siku za kulirekebisha. Ulipolificha, ulinipa furaha ya uongo, nawe ukabaki na hofu peke yako. Usinifiche tena. Na mdogo wako umpe muda wako, maana mtoto mdogo hujifunza akicheza na mtu."

Keren alifanya hivyo kila alasiri, saa nzima. Wiki sita zilipotimia, Magloire alitaja vipande vyote vilivyochanganywa, na akabaki katika chekechea yake. Jioni hiyo mama alipokuwa akiondoka kwenda kazini, mtoto alimkimbilia mlangoni.

"Mama, glavu zako za njano umezisahau."

Hakuna aliyekuwa amemfundisha rangi ya njano.