Kiti Upande wa Marehemu

Mwili ulikuwa sakafuni nyuma ya meza, na mkono mmoja ulikuwa bado umeshika waya wa simu. Inspekta aliutazama kidogo, kisha akaanza kukizunguka chumba. Hakuwa mwanamke wa kusimama mahali pamoja. Wenzake kituoni walisema hata chai huinywa akitembea.

Marehemu alikuwa mtu wa makamo, na ofisi nzima ilimwita Mama Uhakika. Yeye na mdogo wake, Mkurugenzi, waliendesha wakala wa washauri. Kampuni, shule au hospitali iliyotaka mshauri wa uongozi, wa kazi za timu au wa mradi wa programu za kompyuta ilikuja hapa kuulizia mtu wa kuaminika. Kabla mshauri hajaingizwa kwenye orodha, Mama Uhakika aliwapigia simu wateja wake watatu wa zamani na kuwauliza swali moja tu: ungemwita tena? Asiporidhika huingii, hata uje na suti ya namna gani.

"Pigo moja, kisogoni," daktari wa polisi alisema. "Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi."

"Kwa hii?"

"Kwa hiyo."

Ilikuwa mashine ya chuma ya kutoboa karatasi, ile ya zamani, nzito kweli kweli, na ukingo wake ulikuwa na damu. Alama za vidole zilikuwepo, na mwenye vidole alikuwepo pia. Sajenti alikuwa ameshamtia pingu.

Mwenyewe alikuwa fundi wa programu, kijana mrefu mwenye uso wa kununa. Ndiye aliyeikuta maiti saa mbili na robo, alipokuja kuhojiwa ili aingizwe kwenye orodha. Jana yake alikuwa amegombana na marehemu mpaka sauti zikafika barabarani.

"Kazi imekwisha, afande," Sajenti alisema. Alikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

Inspekta alikuwa anakitazama kiti cha mgeni. Kilikuwa upande wa ndani wa meza, bega kwa bega na kiti cha marehemu. Akamwita mhudumu wa ofisi, mama mwenye kanga mbili na macho yaliyovimba kwa kulia.

"Mgeni hukaa hapa?"

"Hapo? Thubutu. Mama hakukubali mtu apite upande wake. Mgeni anakaa huku, wanatazamana. Tena hicho ni kipya. Cha zamani kilivunjika mguu, jana jioni nikakitoa hicho stoo, nikakifuta vizuri, nikakiweka huku mwenyewe, ndipo nikafunga."

"Asubuhi nani hufungua?"

"Mama mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu. Mimi naingia saa mbili. Leo nimechelewa, mwanangu. Leo ndiyo nimechelewa."

Kwenye simu ya marehemu palikuwa na namba mbili zilizopigwa jana alasiri. Inspekta akazinakili, akaamuru kiti kichukuliwe kama kielelezo, akaondoka.

Kituoni, Mkuu wa Kituo alikuwa amemkalia kooni kabla hajavuka kizingiti. Kiwanda kikubwa, mteja wa wakala ule, kilikuwa kimepiga simu mara tatu. Alitaka Fundi afikishwe mahakamani kesho.

"Vidole vyake vipo kwenye silaha. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua nani alihamisha kiti, mkuu."

"Kiti?" Mkuu alimtazama kama mtu mwenye homa. "Una mpaka jioni."

Inspekta akaingia chumba cha mahojiano. Fundi alikuwa amekaa wima kule alikowekwa, mikono mezani.

"Ulishika ile mashine?"

"Niliisogeza. Ilikuwa imelala karibu na shingo yake, na mimi nilitaka kusikia kama mshipa unapiga."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Kwa nini nikimbie?"

"Jana mligombania nini?"

"Alisema wateja wangu watatu wote wanalalamika kwamba nina mdomo mbaya. Nikamwambia awaulize kama programu zangu zimewahi kukwama. Akasema ameshauliza, nije leo."

"Ulikaa kwenye kiti cha mgeni?"

"Leo? Sikukaa popote. Mtu amekufa, nikae?"

Inspekta karibu acheke. Hakumpenda kijana yule hata kidogo, na alianza kumwamini. Jambo hilo lilimnyima raha, maana saa zilikuwa zinakwenda na kijana alikuwa anauliza, kwa sauti iliyoshuka ghafla, kama mke wake ameshaambiwa.

"Bado," Inspekta alisema. "Asiambiwe kwanza."

Alitoka, akazipiga zile namba mbili huku anapima urefu wa ukumbi kwa miguu. Ya kwanza haikupokewa. Ya pili ilipokewa na meneja wa kiwanda cha uchapaji.

"Ndiyo, jana mama mmoja alinipigia. Aliniuliza habari za Kocha."

"Kocha gani?"

"Yule wa kazi za timu. Alitufundisha siku mbili, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wiki iliyofuata watu wangu sita wakaacha kazi. Wengine mpaka leo hawasalimiani."

"Ungemwita tena?"

"Hata mama aliniuliza hivyo hivyo. Hapana, afande. Simchukii, lakini hapana."

Kocha hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa amekuja mwenyewe kituoni kumfariji Mkurugenzi, rafiki yake wa miaka mingi, na askari walikuwa wanagombea kumpa mkono. Aliwahi kuwaendeshea semina. Siku nzima walitupiana donge la uzi ili wajifunze kuaminiana, na Mkuu wa Kituo alinaswa kwenye uzi akaanguka. Kila mtu alikuwa anaisimulia siku hiyo upya.

Inspekta akamwomba waongee kidogo. Akamletea maji kwenye bilauri.

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa, dada yangu. Msiba wetu sote." Kocha akatazama meza, akatikisa kichwa. Kisha akainuka, akakibeba kiti chake kwa kukishika mgongo, akakizungusha mpaka upande wa Inspekta, akakaa kando yake. "Hivi ndivyo. Tukikaa upande mmoja, tatizo linabaki upande wa pili. Huwa nawaambia watu wote."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Inspekta alitulia. Hata kalamu aliyokuwa akiichezea vidoleni ilisimama.

"Mara ya mwisho kuingia chumbani kwa Mama Uhakika ilikuwa lini?"

"Chumbani? Huu mwezi wa pili sasa. Tunasalimiana ukumbini tu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Maliza hayo maji, nikuongezee."

Nje alimkabidhi mtaalamu wa alama za vidole bilauri ile, akaanza tena kutembea: mpaka dirishani, mpaka mlangoni, mpaka dirishani. Ilikuwa saa kumi kasorobo Sajenti alipokuja, uso umembadilika.

"Mgongo wa kile kiti cha mgeni, afande. Vidole vinne na gumba, mkono wa kulia. Ni vyake."

Inspekta alirudi ndani. Hakukaa.

"Kocha, kiti cha mgeni cha Mama Uhakika kilitolewa stoo jana jioni, kikafutwa, ofisi ikafungwa. Vidole vyako vimefikaje pale?"

Kocha alifungua mdomo. Tabasamu lilibaki usoni mwake kwa muda, bila kazi yoyote.

"Nilienda kuongea naye," alisema hatimaye. "Kuongea tu."

"Alikuita?"

"Jana jioni, ukumbini, akaniambia nije leo mapema. Nilipofika alisema ameanza kuwahakiki upya wa zamani, na ameanza na mimi kwa sababu mimi ni wa kwanza kwenye orodha. Wateja wawili wamesema hapana. Akasema wa tatu hana haja ya kumpigia."

"Akakutisha?"

"Angenitisha ningeondoka zangu. Angenitukana hata." Alikuwa anaisugua mikono yake. "Aliniambia kwa upole. Akaniita mdogo wangu. Akasema nijiondoe mwenyewe, hatamwambia mtu. Kuna shule ya chekechea inatafuta mwalimu wa michezo, akasema, watoto watanipenda. Akageuka kuchukua simu awapigie. Kuniombea kazi."

"Ndipo ukampiga."

"Miaka kumi na miwili watu wazima wananipigia makofi, afande. Wakurugenzi. Mapolisi. Unajua mtu unavyojisikia?"

"Wewe mwenyewe umefanya kazi kwenye timu gani?"

Kocha aliacha kusugua mikono.

"Hakuna. Kila nilipoajiriwa, miezi mitatu haikuisha nimekosana na wote. Ndiyo maana nikaanza kufundisha."

Hasira ilimpanda Inspekta mpaka macho yakamuuma. Alimpa karatasi ya maelezo aisaini, akatoka kabla hajasema neno la kujutia.

Fundi alifunguliwa pingu. Hakushukuru wala hakulalamika. Aliomba simu, na aliposikia sauti ya mke wake akageukia ukutani.

Mkurugenzi alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, akimsubiri rafiki yake amalize kuongea. Inspekta alimweleza yote, haraka haraka, akiwa amesimama, maana hakujua namna nyingine ya kuyasema. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Alipokuja mara ya kwanza, dada alitaka kuwapigia wateja wake," alisema. "Nikamkataza. Nikamwambia huyu ni rafiki yangu, ukimhakiki utanitia aibu." Alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Katika wote waliopita pale, ni huyo mmoja tu aliyeingia bila kuhakikiwa. Dada alifanya hivyo kwa ajili yangu."